Mikono ya Magarini

Mwaka 1912 serikali ya Protektoreti ya Afrika Mashariki ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza suala la vibarua wa Kiafrika, chini ya Jaji Barth. Walowezi walikuwa wamepiga kelele muda mrefu: ardhi wamepewa, mbegu wameagiza, mikono ya kufanya kazi haipatikani. Tume ikaita mashahidi, Wazungu kwa Waafrika, na mwaka 1913 ushahidi wao ukachapwa. Ukiyavua maandishi yale lugha ya kikoloni, maswali yaliyomo ni yale yale anayojiuliza leo meneja yeyote wa rasilimali watu. Kwa nini watu hawaji kazini? Wakija, mbona hawakai? Wanakula nini, wanalala wapi, mshahara unawafikia? Walioulizwa walitaja chakula kibovu, fimbo na malipo yasiyokamilika. Walowezi wengi walikuwa na jibu fupi zaidi: Mwafrika ni mvivu.

Kaskazini ya Mto Sabaki, kwenye pwani ya Kenya, katika nchi ambayo leo ni Magarini, jibu hilo halikusimama. Wagiriama waliovuka mto kwa wingi kuelekea mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamefyeka vichaka, wakalima mahindi na mtama, wakapata cha kula na cha kuuza. Ziada ilikwenda Mambrui na Malindi, ikapakiwa majahazini. Kodi ya nyumba ikidaiwa, nafaka ndiyo iliyolipa. Sasa mtu wa namna hiyo umwendee wakati wa kupalilia, umwambie aache shamba lake aje kupalilia lako kwa rupia chache. Atakuona una wazimu. Kwa maoni yangu, historia yote ya kazi Magarini imezunguka hapo: je, huyu anayeajiriwa ana kwake pa kurudi akisema hapana?

Walowezi hawakuwa wa kwanza kutafuta mikono katika nchi hii. Malindi iliyosifiwa na Wareno karne ya 15 ilikuwa imebaki magofu na pori, hadi Sultan Majid wa Unguja alipoifufua karibu na mwaka 1861. Alipeleka askari na liwali, na nyuma yao wakafuata wenye mitaji: Waarabu wa Oman na wa Shihiri, Waswahili, Wabajuni. Udongo ulikuwa na rutuba, na mahitaji ya nafaka Arabuni na Unguja hayakuwa na mwisho. Mtama na ufuta ndiyo mazao yaliyowatajirisha wenye mashamba wa Malindi na Mambrui, akiwemo Salim bin Khalfan, liwali wa Malindi ambaye baadaye alikuwa liwali wa Mombasa. Nguvu iliyolima mashamba hayo ilinunuliwa. Ililetwa kwa njia ya bahari, na Unguja ilipopiga marufuku biashara hiyo ya baharini mwaka 1873, wengine wakaletwa kwa miguu kutoka kusini, wakipitishwa nyuma ya miji.

Namna kazi ilivyopangwa inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo mpango wa kwanza wa usimamizi wa wafanyakazi tunaoujua vizuri katika eneo hili. Unguja mtumwa wa shamba la karafuu alikuwa na msimu wa mavuno wenye shida, kisha miezi ya kazi nyepesi. Malindi haikuwa hivyo. Nafaka hupandwa upya kila mwaka, na nafasi kati ya kufyeka, kupanda, kupalilia, kulinda ndege na kuvuna ni ndogo. Kwa hiyo watumwa walipangwa safu moja, majembe mikononi, kila mmoja akapimiwa ngwe yake, ukanda wa ardhi wa kumaliza siku ile. Aliyemaliza mapema alipumzika. Aliyechelewa alikuwa na nokoa, yaani msimamizi, nyuma yake, na nokoa mwenyewe mara nyingi alikuwa mtumwa. Mtumwa alipewa kijishamba cha kujilimia chakula, na Ijumaa ilikuwa siku yake. Bwana mwenye akili alijua kwamba mtumwa aliyeshiba na kuoa hakimbii haraka. Wapo wanaosimulia habari hizi kana kwamba ni ukarimu. Mimi naona ni hesabu: mtu aliyenunuliwa kwa fedha akifa, fedha imekwenda.

Na waliochoka na hesabu hiyo waliondoka. Watoro wa Malindi walikuwa na vijiji vyao bara, vikiwamo Makongeni kwenye Mto Sabaki na Fuladoyo upande wa kusini. Fuladoyo ilikuwa na watoro waliokaa pamoja na Wagiriama waliopokea Ukristo, na kiongozi wao mmoja, David Koi, alikamatwa na kuuawa mwaka 1883. Wenye mashamba walivichukia vijiji hivyo kuliko walivyochukia ukame. Ukame hupita. Kijiji cha watoro kilikuwa kinawaambia waliobaki shambani kwamba pana pengine pa kulima.

Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa pwani mwaka 1907. Fidia ililipwa, ikaenda kwa mabwana. Waliolima ngwe kwa miaka thelathini hawakupata senti wala kipande cha ardhi. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Waliokuwa na namna ya kudai walidai, wakapewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Mtumwa wa jana akaamka huru katika shamba la mtu mwingine. Wengi wao wakawa maskwota, na wajukuu zao wengi bado ni maskwota. Mashamba ya nafaka ya Malindi yakarudi kuwa vichaka.

Hapo ndipo wakaingia walowezi na mpira. Bei ya mpira ilikuwa imepanda duniani kwa sababu ya magurudumu ya magari na baiskeli, ikafika kileleni mwaka 1910. Mashamba yakafunguliwa pwani, na mengine yakawa Magarini kwenyewe, jirani kabisa na Wagiriama wa ng'ambo ya Sabaki. Mkuu wa Jimbo, Charles Hobley, alitazama ramani yake akaona mambo mawili: mashamba yanayohitaji watu na watu wasiohitaji mashamba hayo. Mwaka 1912 akamtuma Arthur Champion, afisa kijana, aende akawatawale Wagiriama kwa karibu. Ahesabu nyumba, akusanye kodi, aweke machifu, na atoe vijana wa kazi.

Champion hakuwa mpumbavu. Huyu huyu ndiye aliyekuja kuandika kitabu kizuri juu ya mila za Wagiriama, ambacho watafiti wanakitumia hadi leo. Lakini alikuta utaratibu ambao haukuwa na mlango wa kuingilia. Machifu aliowateua hawakuwa na amri juu ya mtu. Nguvu za kijana zilikuwa mali ya baba na ya mji mzima wa baba, kwa sababu kwa nguvu hizo nafaka ilipatikana, na kwa nafaka mifugo, na kwa mifugo mahari. Kumtoa kijana miezi kadhaa ulikuwa upungufu katika hesabu ya nyumba nzima, na rupia za mshahara hazikuuziba. Tena wazee walikuwa na kumbukumbu. Walikuwa wamewaona watu wa Malindi katika safu zao za ngwe. Mzungu aliposema anataka vijana wakalime mashamba ya watu wasiowajua, hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Kati ya Julai na Agosti 1913 mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, alianza kuzunguka mji hadi mji akiwaita watu. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwakusanya Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, na hapo viapo viwili vikatolewa: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume. Aliyeapa hakuruhusiwa kulipa kodi, kumtumikia Mzungu, wala kumpelekea chifu habari. Kuna kisa kila mtoto wa Kilifi anakijua: Mekatilili alikwenda kwenye baraza la Champion na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa, Champion akampiga risasi. Kisa hiki siku hizi husimuliwa kana kwamba Champion alitaka vijana wa kwenda vita vya Ujerumani. Vita hivyo vilikuwa mwaka mzima mbele. Agosti 1913 kilichotakiwa kilikuwa watu wa mashamba, wa barabara na wa mizigo. Nadhani kisa kinapata nguvu zaidi kikisimuliwa hivyo, kwa sababu kifaranga anayegombaniwa hapo ni mfanyakazi.

Viapo vilifanya kazi. Wabeba mizigo hawakuonekana, mashauri hayakuletwa kwa machifu, kodi ikakwama. Mgomo huo haukuwa na chama wala katibu. Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahamishiwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi. Januari 1914 walitoroka, wakatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Adhabu iliyofuata inaonyesha serikali ilikuwa imeelewa vizuri chanzo cha ukaidi. Iliamua Kaya Fungo ifungwe na Wagiriama wa kaskazini ya Sabaki wahamishwe ng'ambo ya kusini, kwenye ardhi mbovu. Ardhi ya kaskazini ndiyo iliyowapa nafaka, na nafaka ndiyo iliyowapa ujasiri wa kukataa kazi. Ikiondolewa, wangekuja wenyewe. Agosti 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti, siku zile zile vita kuu vikianza Ulaya na serikali ikitafuta wapagazi wa kupeleka kwenye mapigano ya Tanganyika. Wagiriama wakainuka, na kikosi cha King's African Rifles kikaletwa. Watu wapatao 150 waliuawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Faini ikawa rupia 100,000, na juu yake wanaume 1,000 wa kazi. Mekatilili alikamatwa tena. Alirudi kwao mwaka 1919, na kaburi lake liko Bungale, ndani ya Magarini hii hii.

Kuhusu mpira, bei ilikuwa imeanguka tangu 1913, mashamba ya Malaya na Ceylon yalipoanza kuujaza soko. Pwani yetu haikuweza kushindana. Watu waliuawa na kuhamishwa kwa ajili ya zao ambalo tayari lilikuwa limekufa sokoni. Kuelekea mwisho wa vita serikali ikawaacha watu wavuke mto tena, lakini waliorudi hawakuwa matajiri wa nafaka wa mwaka 1912. Njaa ilikuwa imepita, mifugo haikuwapo. Vijana waliokataa kwenda Magarini kwa Mzungu sasa walikwenda wenyewe Mombasa, bandarini na kwenye mashamba ya mkonge, vipande vyao, yaani vitambulisho vya kazi, vikining'inia shingoni kama sheria ilivyotaka baada ya vita.

Habari za Mombasa ni ndefu na si zetu leo. Itoshe kusema kwamba mgomo wa 1939 na ule wa Januari 1947, uliomtoa Chege Kibachia na shirikisho lake la wafanyakazi, uliilazimisha serikali kukubali jambo ambalo tume ya Barth ililizungukazunguka: kibarua naye ana nyumba, ana watoto, ana maisha jioni akitoka kazini. Nyumba za wafanyakazi, posho ya nyumba, maafisa wa kazi wenye kuingia viwandani, vyama halali, vyote vilikuja kwa njia hiyo. Vilikuja mjini. Magarini iliendelea kulima ilichoweza.

Uhuru ulipokuja, sehemu kubwa ya nchi ya kaskazini ya Sabaki ilikuwa bado ardhi ya serikali, na waliokaa juu yake hawakuwa na hati. Mwaka 1978 ukaanza mpango mkubwa wa makazi wa Magarini kwa fedha za Australia, uliokusudiwa kuwapa maelfu ya familia viwanja, maji na kilimo cha kisasa. Matingatinga yaling'oa miti, visima vikachimbwa, na visima vingi vikatoa maji ya chumvi au vumbi. Kufikia mwaka 1989 Australia ilikuwa imejiondoa, na wataalamu wake wenyewe wakaandika kitabu kizima kueleza namna nia njema ilivyoharibu kazi. Nautaja mpango huu kwa sababu ulishindwa kufanya jambo moja ambalo lingebadilisha yote yaliyofuata: kuwapa watu wa Magarini ardhi ambayo ni yao kwa karatasi na yenye uwezo wa kuwalisha.

Wakati huo huo, upande wa bahari, chumvi ilikuwa inaingia.

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Garsen, baada ya Mambrui unaanza kuona vilima vyeupe mkono wa kulia. Gongoni, Marereni, Kurawa: huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 makampuni yamekata mabwawa kwenye nyanda za mikoko na mashamba ya nyuma yake. Kanuni ya kazi ni rahisi. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu wakati wa bamvua, yakawekwa katika bwawa la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, jua na upepo vikiyapunguza. Jasi hushuka kabla ya chumvi. Maji yakishakuwa mazito kabisa huingizwa kwenye vibwawa vifupi vya mwisho, na hapo chumvi hushika kama ukoko. Ukoko huo huvunjwa, ukakwanguliwa, ukakusanywa matuta matuta, ukaoshwa, ukalundikwa.

Kwenye kuvunja na kukwangua ndiko anakoingia mtu. Anasimama katika maji ya chumvi kali kuliko bahari, jua linampiga utosini na mwanga wake unarudi kutoka chini ukampiga machoni. Mchubuko mdogo wa kidole cha mguu, ambao shambani ungepona kwa siku tatu, hapa hauponi kamwe kwa sababu kila asubuhi unaingizwa chumvini. Buti la mpira likitoboka linakuwa baya kuliko mguu mtupu, maana maji yakishaingia hayatoki. Kwa hiyo vifaa vinne, yaani buti, glavu, miwani ya jua na maji safi ya kunywa na kunawa, ndivyo ustawi wote wa mfanyakazi wa chumvi. Siku hizi makongamano ya waajiri huko mjini huzungumzia afya ya akili na mazoezi ya viungo. Sina ugomvi nayo. Gongoni mazungumzo yangeanza na buti.

Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu malalamiko ya watu wa Magarini dhidi ya makampuni ya chumvi. Ilisikia habari za kufukuzwa mashambani, za visima vilivyoharibika, za mikoko iliyokatwa, na za kazi: ujira mdogo, kukosa vifaa vya kujikinga, watu kuwa vibarua miaka nenda miaka rudi. Malalamiko ya ardhi na ya kazi yalikuja pamoja, na hilo silioni kuwa la bahati. Anayefukuzwa shambani kwake ili bwawa lichimbwe, kisha akaajiriwa kukwangua bwawa hilo, hawezi kuandika barua mbili, moja ya ardhi na moja ya mshahara. Makampuni nayo yana lao la kusema: yametoa ajira katika eneo lisilo na kiwanda kingine. Ni kweli. Ndiyo hasa sababu ya mtu kuogopa kulalamika.

Miaka miwili baadaye, 2007, Bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa mpigo. Ukizisoma ukiwa na Magarini kichwani zinakuwa kama zimeandikwa kwa ajili yake. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na ampe mfanyakazi nyumba au posho ya nyumba. Inatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sheria ya usalama na afya inataka nguo na vifaa vya kujikinga, na kamati ya usalama panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Sheria ya fidia inampa aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi mapato ya miezi 96. Sheria hii ya mwisho ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, ikaweka haki ya mazingira bora ya kazi na haki ya kugoma.

Kifungu kinachogusa watu wengi zaidi, hata hivyo, ni cha 37 cha Sheria ya Ajira. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, hapaswi kuendelea kuhesabiwa kibarua. Anapata haki za mwenye mkataba. Lakini chumvi hutengenezwa na jua. Mvua za Aprili zikishuka maji ya mabwawa hujaa tena, kazi husimama, na hesabu ya siku mfululizo hukatika pasipo mtu kufukuzwa. Msimu ukifunguka wote wanaanza upya, wa kwanza na wa mwisho.

Jambo hili lina dawa isiyo ghali, na afisa wa wafanyakazi anaweza kuiandika kesho. Baada ya miezi 12 ya kazi sheria inatoa siku 21 za likizo yenye malipo, na aliyeondoka baada ya miezi miwili au zaidi hulipwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Haisemi likizo iwe mwezi gani. Iwekwe Aprili, wakati bwawa halina kazi na shamba lina kazi, na mkataba ubaki hai mvua zikinyesha. Mwenye ekari zake Marafa au Adu atakwenda kupanda mahindi huku akihesabiwa yuko kazini, na atarudi Juni akiwa na chakula nyumbani. Kampuni haitakuwa imepoteza siku ya uzalishaji hata moja. Kwa yule ambaye shamba lake ndilo lililogeuzwa bwawa, mpango huu haumsaidii kitu, na hakuna afisa wa wafanyakazi, hata awe mwema vipi, mwenye mamlaka ya kumsaidia. Huyo anahitaji hati ya ardhi.